Dume Lililoitwa Mama wa Taifa

Nchi hiyo haipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ikitokea mkaiona, mkaona na watu wake wamefanana na majirani zenu, basi kamuulizeni aliyechora ramani. Hapa yanasimuliwa tu yaliyotokea katika nchi isiyokuwepo, ambayo serikali yake haijawahi kukosea hata mara moja, na kila mwaka hutoa tangazo redioni kuwakumbusha wananchi jambo hilo wasije wakapitiwa.

Katika nchi hiyo bangi ilikuwa haramu, tena si haramu ya mzaha. Mtu akikutwa na msokoto mmoja alizeekea gerezani. Shamba likikutwa na mche mmoja lilichomwa moto pamoja na mihogo iliyomo, na watoto wa shule walitolewa darasani waende kupiga makofi. Mashavu binti Songoro, enzi hizo hana meno ya mbele, alisimamishwa mstarini akapiga makofi shamba la mjomba wake likiteketea. Mwalimu akamsogelea, akamwambia wewe piga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mjomba ni wako.

Alipokua akaolewa na Kibwana, fundi viatu. Kibwana akaotesha miche mitatu nyuma ya bafu kwa ajili ya maumivu ya mgongo: ya kwake, na ya wengine waliokuwa wakija jioni kwa mlango wa uani, wakisema wameleta viatu, na viatu hawana. Wakamkamata. Hakimu alipoisoma ile miaka ya kifungo, mwenyewe alikohoa katikati, ikabidi aanze upya. Mashavu alisahau mengi ya siku ile, lakini kikohozi kile hakukisahau.

Halafu wageni wakaja.

Walikuja na suti za kitani na tabasamu za watu wanaolala vizuri, wakasema huko kwao ua la mmea ule sasa linatengenezewa dawa, na wao wananunua. Wiki hiyohiyo Mlezi Mkuu wa Taifa aliamka akiwa ameupenda mmea huo tangu utotoni.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, na kama kawaida yake akameza maji kabla ya kila neno kubwa, "mmea huu ni damu yetu. Ni jasho letu. Ni utu wetu. Wako watu waliotuchonganisha nao. Tunawajua. Tutawashughulikia."

Nchi nzima ikainama kana kwamba kuna kitu kimedondoka, maana sauti iliyoamuru mashamba yachomwe ilikuwa hiyohiyo, na siku ile nayo ilikuwa inameza maji.

Amri ikatoka. Kila nyumba ioteshe miche mitatu, ndani, kwenye chumba chenye dirisha kubwa, kwa kuwa nje itaibwa, na wezi watakuwa maafisa. Hilo la mwisho halikusomwa, lilieleweka. Na yote iwe majike. Mche jike ndio unaotoa ua lenye dawa. Mche dume hutoa vipira vidogo vyenye unga wa njano, na vikipasuka, unga ukamwangukia jike, jike huacha kutengeneza dawa na kuanza kutengeneza mbegu. Ua lenye mbegu mnunuzi hulitupa.

Wataalamu wakauliza kwa adabu: Mlezi, mbegu haina alama, na mche mchanga hausemi jinsia yake. Tutapataje majike matupu?

Mlezi Mkuu akafikiri kwa muda wa glasi nzima ya maji.

"Mche wa kwanza wa kila nyumba," akasema, "uitwe Mama wa Taifa, jina la heshima la mama yangu mzazi. Wa pili uitwe Mke wa Taifa. Wa tatu, Binti wa Taifa. Sasa niambieni, ni mche gani utakaoitwa mama yangu, halafu uthubutu kuwa dume?"

Wataalamu hawakuupata. Vikagongwa vibati vya jina, kila kibati kikiwa na jina la mche juu na jina la mwenye nyumba chini, vikafungwa kwenye mashina kwa waya na lakiri ya serikali.

Na ili wananchi wasilale, ikatangazwa Msamaha wa Maua. Nyumba yenye mfungwa wa bangi, ikitoa maua masafi yasiyo na mbegu, mfungwa wake atatoka. Ikitoa mbegu, mfungwa atabaki, na aliyemwagilia atamfuata.

Hivyo Kibwana, aliyefungwa kwa miche mitatu, angetoka kwa miche mitatu. Mashavu alipoambiwa hakucheka wala hakulia. Alikwenda kutafuta vyungu.

*

Lilibaki jambo moja dogo. Sheria ya zamani haikufutwa. Kuifuta kungekuwa kusema ilikuwa na kosa, na serikali hiyo, kama tulivyoeleza, haina historia ya kukosa. Kwa hiyo sheria mpya ikawekwa kando ya ile ya zamani, kama wake wenza wasiosemeshana. Ile mpya ilisema: otesha. Ya zamani ilisema: anayeujua mmea huu ni mhalifu, kwani ameujulia wapi?

Ikawa swali la kutisha kuliko yote katika nchi hiyo ni neno moja. Umejuaje? Ukisema mche wako umekauka kwa kuzidishiwa maji, umejuaje? Ukisema majani yana wadudu, umejuaje? Mtu alipaswa kuotesha bangi bora duniani, na papo hapo aonekane hajawahi kuiona.

Na kila mtu alikuwa ameiona. Hapo ndipo penye raha ya nchi hii. Bibi alikuwa ameiona, shehe alikuwa ameiona, na polisi walikuwa wameiona kuliko wote kwa sababu ndio waliokuwa wanaitunza stoo. Lakini ukipita mtaani ungesikia watu wazima wakiulizana kwa mshangao, "Eti ile majani yake ni ya kijani?"

Asubuhi moja Mashavu alikuwa akifuta vumbi kwenye majani ya Mama wa Taifa kwa kitambaa chenye maji. Mke wa Taifa na Binti wa Taifa walikuwa wameshajionyesha. Pale kwenye kifundo, jani linapoungana na shina, kila mmoja alikuwa ametoa kitone kidogo chenye nywele mbili nyeupe. Hao ni wanawake, hakuna mjadala. Akamsogelea Mama wa Taifa. Akageuza jani. Akatazama kifundo.

Kikonyo. Na juu ya kikonyo, kipira. Kando yake kipira kingine, na kingine, vimejikusanya kama zabibu zisizoiva.

Mashavu akalirudisha jani mahali pake taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mkwewe anaoga. Akakaa kitandani. Kutoka pale alipokaa, Mama wa Taifa alikuwa mrefu, mnyoofu, mwenye kiburi, na kichwa chake kilikuwa kimewaelekea wale wawili.

Jirani yake Zamda aliingia bila kuvua viatu, kama alivyofanya siku zote alipokuwa na lake moyoni.

"Shoga, Mama wa Taifa wa kwako hajambo?"

"Amenawiri."

"Amenawiri vipi?"

"Amenawiri tu, Zamda. Wa kwako?"

Zamda akaenda dirishani, akatazama nje, akarudi. "Wa kwangu ameota ndevu," akanong'ona.

Wakatazamana. Halafu wakatazama ukuta, wawe mashahidi wa ukuta kama wangeulizwa.

"Tungempa mbuzi," alisema Mashavu.

"Mbuzi wa Mzee Kapinga alimla wa kwao. Walikuja kumkamata mbuzi. Mzee akasema mbuzi hana akili, wakamwambia basi twende wewe mwenye akili. Mpaka leo."

"Maji ya moto?"

"Yule mama wa nyumba ya kona alimwaga maji ya moto. Kesi yake inaitwa jaribio la kumuua Mama wa Taifa. Shoga, wewe una mtu ndani. Usicheze."

"Nisipocheza vitapasuka, na nikimwacha hapa hawa wawili wanaharibika. Kibwana hatoki."

"Sema ukweli basi. Mwambie afisa ni dume."

"Niseme mama yake Mlezi Mkuu ni dume? Na akiniuliza nimejuaje?"

Zamda akamshika Mashavu bega, akaondoka kwa mlango wa uani, huku akisema kwa sauti kubwa ya kusikika barabarani, "Jamani hii mimea ya serikali inapendeza, sijui hata ni mimea gani!"

*

Afisa Jinsia ya Mimea wa Kata aliitwa Bwana Ngwilizi. Kazi hiyo hupewi bila Cheti cha Kutojua. Siku ya usaili waombaji waliletwa mmoja mmoja mbele ya mche, wakaulizwa huu ni nini. Walioinua mabega walipewa alama za wastani. Bwana Ngwilizi alikunja uso, akazunguka, akanusa, akasema, "Waheshimiwa, nisije nikawadanganya, lakini naona kama mchicha." Aliajiriwa kabla hajatoka mlangoni.

Mashavu alimjua. Alikuwa miongoni mwa wale wa jioni, wa mlango wa uani, wenye viatu visivyokuwepo. Siku Kibwana alipokamatwa, Ngwilizi aliruka ukuta kwa wepesi ambao mtu wa tumbo lile humtarajii, suruali ikabaki nusu kwenye vigae vya chupa. Tangu hapo hakukanyaga tena nyumba ile, mpaka serikali ilipomtuma.

Sasa alisimama mbele ya chungu na kanuni zake.

"Shikamoo, Mama wa Taifa," alisema, akiinama.

Mche haukuitika. Mashavu, kama kanuni zinavyotaka, akaitika kwa niaba yake.

"Marahaba, mwanangu."

Kanuni zilisema afisa apime jinsia kwa kutazama majani yote kwa jumla, kuona kama yana haya na ulezi. Bwana Ngwilizi akanyoosha shingo kutazama majani kwa jumla. Lakini macho hayana cheti. Yaliruka moja kwa moja kwenye kifundo, yakaganda hapo, na paji la uso wake likaanza kumeta.

"Bwana Afisa, umeona nini?" Mashavu aliuliza.

"Ulezi."

"Mbona ulezi unakutoa jasho?"

"Chumba kina joto."

"Kanuni zinasema majani kwa jumla. Wewe umetazama kifundo."

"Sikutazama kifundo mimi."

"Umetazama, tena cha juu, palepale penyewe. Mtu aliyesema mchicha, pa kutazama kapajuaje?"

Bwana Ngwilizi akageuka, akafunga mlango, akaegemeza mgongo. Aliposema tena, sauti ilikuwa ile ya zamani, ya jioni.

"Shemeji, punguza sauti."

"Ahaa! Leo nimekuwa shemeji."

"Nisikilize."

"Ndugu yako anatandika mkeka kwenye saruji mwaka wa ngapi huu, hujawahi kumpelekea hata sabuni. Sasa sikiliza wewe. Vipira hivi vinapasuka kesho, kesho kutwa. Unga ukitoka, mume wangu hatoki. Na kata yako ikitoa mbegu, wewe wanakufanya nini?"

"Nakwenda kukaa naye."

"Vizuri. Mtakuwa mnakumbushana."

"Kata wewe mwenyewe, shemeji. Mimi nitasema sikuona."

"Kuna lakiri ya serikali kwenye shina. Kata wewe, afisa."

"Nimkate Mama wa Taifa! Watanining'iniza!"

Wakabaki wamesimama, mche katikati yao. Upepo wa dirishani ukapita, na vile vipira vikatikisika. Wote wawili wakashika pumzi. Havikupasuka.

Mashavu alikuwa akiwaza kwa hasira, na hasira ya mtu mwenye kumbukumbu ndefu huwa inapekua. Ilipekua miaka yote, ikafika mahali.

"Yule mkuu wa shule aliyekula mahindi ya wanafunzi," alisema polepole, "mlimfanya nini?"

"Alihamishwa."

"Wapi?"

"Wizarani."

"Na mganga mkuu aliyeuza vitanda vya wazazi?"

"Alipewa mko..." Bwana Ngwilizi akamtazama Mama wa Taifa kutoka kwenye chungu hadi kileleni, na kwa mara ya kwanza akamwona kwa jicho la kikazi. "Shemeji," akasema, "mama wa kiongozi wetu anakaaje chumbani kwa mtu wa kawaida, karibu na ndoo ya maji machafu?"

"Ni aibu," alisema Mashavu.

"Apandishwe."

*

Kipaza sauti kilipita mtaani kutangaza kwamba kata imepata heshima. Mama wa Taifa wa nyumba ya Mashavu binti Songoro, kwa utumishi uliotukuka, anapandishwa cheo kwenda Bustani ya Mfano nyumbani kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Watu watoke, na ngoma zitoke.

Zilipotoka ngoma Mashavu akaona hatari. Barabara yote ile, kila nyumba ilikuwa na dirisha, na kila dirisha lilikuwa na vyungu. Mtikisiko mmoja tu, na mtaa mzima unapata mbegu. Akachukua kanga yake mpya, akamfunika Mama wa Taifa kuanzia kichwani hadi kwenye chungu, akafunga fundo chini.

"Mbona umemfunika?" aliuliza mpiga ngoma mkuu, mtu wa maswali.

"Wewe mama yako akisafiri anakwenda kichwa wazi?"

Mpiga ngoma akaona haya. Mashavu akajitwika chungu. Akatembea kama mtu aliyebeba yai juu ya yai. Kila ngoma ilipolia alihisi kichwani kitu kinatetema, na kila upepo ulipoinua ncha ya kanga Bwana Ngwilizi aliruka kuishusha, akipaza sauti, "Heshima, jamani, heshima!" Wanawake wakapiga vigelegele. Zamda alipiga vya mwisho kabisa, vya mtu anayefikiria chungu chake mwenyewe.

Mkuu wa Wilaya alikuwa amejenga nyumba ya vioo uani kwake, na ndani yake kulikuwa na majike ya mfano, manono, yaliyomwagiliwa maji ya chupa wakati wilaya nzima inachota mtoni. Alisimama jukwaani, kulia kwake mkuu wa polisi, kushoto kwake hakimu, yuleyule. Akahutubia jua likiwa la utosi. Alisema Mama ni nguzo. Alisema Mama ni mhimili, boriti, paa na msingi, akamaliza nyumba nzima akaanza uzio. Mashavu alisimama na chungu miguuni akiitazama ile kanga. Ilikuwa imeanza kuwa na madoadoa ya njano yaliyopenya kutoka ndani. Madogo. Lakini alikuwa anayaona.

"Na sasa," alisema Mkuu wa Wilaya, "nimfunue Mama yetu."

Akashika fundo, akafungua, akavuta.

Macho yake yakaenda kwenye kifundo. Ya mkuu wa polisi yakaenda kwenye kifundo. Jukwaa zima, watu wenye Vyeti vya Kutojua vilivyowekwa fremu ofisini, likatazama mahali pamoja padogo kuliko ukucha. Hakimu akakohoa.

Mashavu akamtazama. Hakimu akatazama viatu vyake.

"Mama," alisema Mkuu wa Wilaya, "amependeza mno. Sisi wilaya ni wadogo. Mahali pake ni mkoani. Aende leo, aende sasa hivi."

"Mheshimiwa," alisema mkuu wa itifaki kwa unyenyekevu, "mgeni wa ngazi hii hapitilizi. Itifaki inataka alale, tena ndani, pamoja na wenzake. Wilaya iliyokataa kumlaza Mama itaelezaje?"

Mama wa Taifa akaingizwa kwenye nyumba ya vioo, akawekwa katikati ya majike manono ya mfano, na mlango ukafungwa asipate baridi.

Asubuhi, wanasema, vioo vilikuwa vya njano.

*

Akapanda. Wilaya ilimpeleka mkoani kwa gari lenye bendera, ikijipangusa mabega. Mkoa ulimtazama kifundo, ukampa wadhifa, ukampeleka makao makuu. Kila alipolala aliacha unga, na kila aliyepata unga alisaini kwamba ugeni ulikuwa wa baraka. Na kata nyingine ziliposikia kuna njia, zikafanya vivyo hivyo. Vyungu vikatwikwa vichwani nchi nzima. Wa Zamda aliondoka na ngoma mbili. Barabara kuu zilijaa akina Mama wa Taifa waliofunikwa kanga, wakipanda vyeo, hata ikulu ikabidi waongezewe bustani. Wanaojua siasa za nchi hiyo walisema hakuna kipya: hivi ndivyo madume wasio na ua wala dawa wanavyofika juu.

Lakini Mashavu hakucheka. Kwenye shina la yule wa kwanza kulikuwa na kibati, na kwenye kibati, chini, kulikuwa na jina lake. Lilikuwa limefika ikulu. Kila gari lililosimama barabarani alidhani limemfuata. Aliwageuza Mke wa Taifa na Binti wa Taifa kila asubuhi, akifinya ua kwa vidole viwili, akisikilizia kama kuna kijipunje kigumu ndani. Hakuna. Kesho tena. Hakuna. Akalala kwa mafungu, nguo zake zimekunjwa kando ya mlango, za kuvaa akiitwa.

Siku ya mavuno mkaguzi wa wageni alipita mtaani, mzungu mwenye miwani ya kukuzia. Alipasua ua la Mashavu, akalitazama, akapasua jingine. "Safi," alisema. Akauliza wa tatu yuko wapi. Bwana Ngwilizi akasimama wima. "Yuko kikazi, ikulu." Ikakubalika.

Kibwana alitoka. Alikuja kwa miguu, mwepesi kama shati lililoanikwa, akasimama mlangoni kwake asiingie, akisubiri kuambiwa ingia.

"Ingia," Mashavu alimwambia. "Ni kwako."

"Nimezoea kusubiri," alisema Kibwana, na akacheka kidogo, na ndipo Mashavu akalia.

*

Wakati Kibwana anaoga, huko makao makuu wageni walikuwa wanapasua maua ya ikulu. Yalimwaga mbegu kama gunia la ulezi lililopasuka. Waziri mmoja akaanza kusema, "Hawa waliotuletea..." akakatika. Waliotuletea nini? Madume? Kusema hivyo ni kusema mama mzazi wa Mlezi Mkuu, mara elfu kadhaa, ni dume. Na yeye waziri kajuaje? Akamalizia, "...wametuletea heshima," akaketi. Vibati vyote, pamoja na cha Mashavu, vikaachwa kimya. Wageni wakafunga mabegi.

Redio ikasema asubuhi yake.

"Ndugu wananchi," na maji yakamezwa, "lengo letu tangu mwanzo lilikuwa mbegu. Nchi bila mbegu ni nchi bila kesho. Wako watu waliokusudia kutunyima mbegu. Nyumba zote zilizotoa maua matupu zimehujumu taifa. Wafungwa waliotoka kwa maua hayo walitoka kwa kosa la maua, na warudi leo."

Mashavu na Kibwana walikuwa wamekaa mkekani, ugali na dagaa katikati yao. Hawakutazamana. Mashavu akazima redio, akamsogezea mumewe bakuli.

"Hodi," ikasemwa nje. Sauti ya Bwana Ngwilizi, ile ya cheti.

Kibwana akaweka tonge chini, akaanza kutafuta shati lake. Mashavu akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa. Kula."

"Hodi hapa! Nimekuja na askari, msinitie matatani."

"Kula, Kibwana."

"Hodi! Shemeji, amri si yangu. Nyumba hii haina mbegu."

Mtu akipiga hodi ya tatu asiitikiwe, kila mahali duniani anaondoka. Bwana Ngwilizi hakuondoka. Mashavu akainuka, na badala ya mlango akaenda kwenye lile dirisha kubwa, akalifungua lote, akasema kwa sauti ambayo mtaa ule ulikuwa haujaisikia kwake.

"Haina mbegu kwa sababu dume nilikupa wewe!"

Barabara ikasimama. Mama aliyekuwa anakaanga vitumbua akaacha kimoja kiungue.

"Umesema nini?" Bwana Ngwilizi alirudi nyuma hatua.

"Dume! Lile mlilolipigia ngoma, mkaliamkia shikamoo. Lilikuwa dume. Uliliona. Mkuu wa Wilaya aliliona. Hakimu aliliona akakohoa. Lilikuwa na vipira, na ninyi nyote mlivitazama mkanyamaza, na mume wangu ndiye arudi ndani?"

"Umejuaje?" alipiga kelele Bwana Ngwilizi, kwa ajili ya mtaa na kwa ajili ya askari. "Sema mbele ya mashahidi! Umejuaje?"

"Nimejua kama unavyojua wewe, kama anavyojua kila anayenisikia. Nimeijua tangu mliponipigisha makofi shamba la mjomba wangu linaungua. Haya, nimejua. Njoo unikamate."

Kibwana alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja una ugali. Bwana Ngwilizi akavuta pumzi ili atoe amri.

Dirisha la jirani likafunguka kwa kishindo.

"Na la kwangu lilikuwa dume!" alisema Zamda. Sauti ilimtetemeka, akarudia isitetemeke. "Dume, lenye ndevu!"

"La kwetu pia," alisema mzee mmoja kutoka kibarazani, hajainua hata kichwa.

"Na la kwetu!"

"La kwangu nilijua kabla halijafika goti!"

Milango ikafunguka upande huu na upande ule, watu wakatoka na mikono yenye unga, yenye sabuni, yenye watoto, kila mmoja akisema la kwake, hadi ikawa huwezi kujua nani amesema na nani bado.

"Waandike!" Bwana Ngwilizi alimgeukia askari. "Andika wote! Unangoja nini?"

Askari akatazama barabara mwanzo hadi mwisho. Akatazama lile dirisha kubwa, na Kibwana aliyekuwa anatafuna. Akavua kofia, akajifuta jasho.

"Hata la nyumbani kwetu, Bwana Afisa," alisema, "lilikuwa dume."